Meno Nayo ni Udaktari
Hotuba ya Mwenyekiti siku ya kutimiza miaka kumi ya kikundi

Awali ya yote tunamshukuru Mwenyezi Mungu aliyetufikisha siku hii ya leo. Wapo wenzetu wawili tulioanza nao safari ambao hawapo tena duniani. Tunawakumbuka. Pili, tunawashukuru nyote mlioacha mashamba, ng'ombe na biashara zenu mkaja kukaa nasi hapa chini ya turubai.

Kikundi chetu kilianza mwaka 2015 tukiwa akina mama 18. Hisa moja ilikuwa shilingi 1,000, na wapo waliokuwa wanakuja na sarafu zimefungwa kwenye ncha ya khanga. Tulinunua sanduku la chuma lenye kufuli tatu, na funguo tatu zikakaa nyumba tatu tofauti, ili asiwepo wa kulifungua peke yake. Ilipokuja Sheria ya Huduma Ndogo za Fedha ya mwaka 2018, nasi tukaenda kujisajili daraja la nne kama vikundi vingine. Leo tuko 31. Hesabu yote Mweka Hazina ameshaisoma, na imechapwa humu kitabuni, kwa hiyo hatutairudia.

Leo tunataka kusema habari ya mkopo mmoja tu kati ya yote tuliyotoa kwa miaka kumi. Tunaisema kwa sababu iko hoja mezani. Mkutano ujao tutapiga kura kama mfuko wa elimu uendelee, au uvunjwe tugawane na kila mama asomeshe mwanawe kivyake. Wapo wanachama saba wapya ambao habari hii wameisikia vipande vipande, tena vingine vya sokoni Tengeru. Basi ni vizuri waisikie yote kabla ya kunyoosha mkono. Mama mwenye binti ameturuhusu kusimulia. Majina tumeyaacha.

BINTI ALIYEITWA DOKTA

Binti huyu tangu darasa la nne alikuwa anaitwa Dokta. Bibi yake alimwita hivyo, walimu wakamwita hivyo, na sisi tukafuata. Kidato cha tano akachukua PCB, yaani Fizikia, Kemia na Baiolojia, na kila mtu alijua ni kwa ajili ya udaktari. Ukiuliza udaktari gani, hakuna aliyefikiri zaidi ya yule wa koti jeupe na kile cha kusikilizia moyo shingoni.

Shule ya kidato cha tano ilikuwa mkoa mwingine, mbali na huku kwetu. Huko alikutana na jambo ambalo hapa nyumbani alikuwa halioni. Ninyi mnajua meno yetu watu wa miteremko ya Mlima Meru. Mengi ni ya kahawia, mengine yana madoadoa na kuchimbika. Hapa kwetu ni kawaida, hakuna wa kumcheka mwenzake. Huko shuleni wenzake walimwambia hapigi mswaki. Wengine wakakataa kula naye sahani moja. Binti akaanza kuziba mdomo kwa kiganja akicheka, na baadaye akaacha kucheka.

Siku moja wakaja wataalamu wa meno kupima wanafunzi. Daktari mmoja, mwanamke, akamwambia mbele ya wenzake: "Hayo si uchafu. Wewe umetoka Arumeru au karibu na huko. Ni maji ya kwenu." Akaeleza habari ya madini ya floraidi. Sasa na sisi tunaieleza hapa, maana binti alikuja kutufundisha.

Mlima wetu ni wa volkano. Maji yakipita kwenye mawe na majivu yake yanabeba floraidi nyingi. Shirika la Afya Duniani linasema maji ya kunywa yasizidi miligramu 1.5 kwa lita. Iko mito na visima huku kwetu, kama upande wa Ngarenanyuki, inayopita kipimo hicho mara nyingi. Mtoto anayekunywa maji hayo wakati meno yake yanaumbika ndani ya taya, tangu utotoni hadi kama miaka minane, meno yanatoka yameshaharibika ngozi yake ngumu ya juu. Mswaki hauyaondoi madoa hayo, wala mkaa, wala mchanga. Ikizidi sana, hata mifupa na miguu ya watoto hupinda. Na kuchemsha maji hakusaidii, kwa sababu maji yanapungua na floraidi inabaki palepale. Hata magadi tunayolainishia maharage na makande huwa na floraidi hiyohiyo. Lakini maji ya mvua ni salama kwa jambo hili, na kituo cha Ngurdoto kwa miaka mingi kimefanya utafiti wa kuchuja maji kwa mkaa wa mifupa ya ng'ombe.

Basi binti akasikiliza yote hayo, akauliza maswali mpaka kengele ikalia. Anasema siku ile ndipo alipojua kuwa kuna daktari anayesoma kwa ajili ya mdomo tu, na kwamba ugonjwa wa kwao una jina na una kitabu chake.

KUGEUZA NJIA

Hakumwambia mtu. Hili tunaomba wazazi mlishike. Mtoto ambaye ukoo mzima umekwisha mwita Dokta anaona haya kusema anataka kitu kingine, hata kama hicho kitu nacho ni udokta. Alikaa nalo moyoni karibu miaka miwili.

Alifanya mtihani wa kidato cha sita Mei 2021. Kati ya mtihani na matokeo hakukaa bure. Alikwenda kuomba ruhusa katika chumba cha meno cha hospitali moja akakubaliwa kuangalia na kusaidia kufuta vyombo. Alikwenda kila siku kwa wiki tatu kwa nauli ya kuuza maziwa. Alituambia alitaka kujua kama anaipenda kazi yenyewe, au alimpenda tu yule daktari mwanamke.

Alichokiona ni hiki. Kazi ya meno ni ya mikono. Unainama saa nyingi juu ya mdomo wa mtu, kwenye nafasi ndogo, na mgonjwa anaogopa kuliko wa homa. Wengi huja wameshachelewa, jino limetoboka mpaka mzizi, shavu limevimba, na wanataka ling'olewe tu waende zao. Wachache wanajua kwamba jino likiwahiwa linazibwa, au mzizi wake unatibiwa na jino linabaki. Aliona mama aliyekuja kwa ajili ya fizi zinazotoka damu, na kumbe ana kisukari hajui. Aliona kijana wa bodaboda ambaye taya limevunjika mahali pawili. Akaona mtoto mchanga ameletwa akiwa hoi baada ya kukatwa fizi na mganga kutoa "meno ya plastiki".

Hapo, akina mama, tusimame kidogo. Wengi wetu tumesikia maneno hayo tukiwa na watoto wachanga. Mtoto ana homa na anaharisha, mtu anakwambia ni meno ya plastiki, ayatoe kwa kisu au spoku ya baiskeli. Binti alitueleza kwamba kile cheupe kinachoonekana kwenye fizi ni chipukizi la jino la chonge ambalo halijakomaa. Mtoto anaharisha kwa sababu nyingine, na homa ni malaria au kitu kingine. Ukimkata, damu inatoka nyingi, vijidudu vinaingia, anaweza kupata pepopunda au ugonjwa wowote wa damu uliobaki kwenye kile kisu. Na akipona, jino la ukubwani huota limeharibika au halioti kabisa. Ugonjwa wenyewe ulioleta homa unakuwa umeachwa bila dawa siku zote hizo.

Baada ya wiki tatu binti akamwambia mama yake: "Mama, nitaomba meno."

Mama yake hakujibu siku hiyo. Alikwenda kukata majani ya ng'ombe.

MAOMBI

Sasa tuseme jinsi maombi yanavyokwenda, kwa faida ya wazazi wenye watoto kidato cha tano na cha sita. Zamani kidogo maombi yote yalipitia kwa Tume ya Vyuo Vikuu. Tangu mwaka 2017 mwanafunzi anaomba moja kwa moja katika kila chuo anachotaka, na kila chuo kina ada yake ya maombi. Kuna awamu, watu husema dirisha linafunguliwa na kufungwa. Likifungwa limefungwa, usingizi wako haulifungui.

Udaktari wa meno ni shahada ya miaka mitano, sawa na udaktari wa kawaida. Kwa miaka mingi Muhimbili, Dar es Salaam, ndiyo ilikuwa peke yake inafundisha shahada hiyo hapa nchini. Masomo wanayoyatazama ni yaleyale matatu ya PCB, na lazima ufaulu yote. Nafasi ni chache, kwa hiyo kufaulu kwa shida hakutoshi, unashindana. Miaka ya mwanzo wanafunzi wa meno na wa udaktari wa kawaida wanasoma mengi ya pamoja: mwili ulivyoumbwa, unavyofanya kazi, magonjwa na dawa. Wa meno wanaanza kufanya kazi kwenye meno ya bandia kabla ya kukabidhiwa mtu mwenye uhai. Wakimaliza wote wanafanya mwaka mmoja wa mafunzo kazini chini ya usimamizi, na wote wanasajiliwa na baraza moja la madaktari. Anayetaka anaendelea na ubingwa, kama upasuaji wa mdomo na taya. Hao ndio wanaounga taya za bodaboda, wanaotoa uvimbe wa taya, na wanaorekebisha watoto waliozaliwa na mdomo wa sungura.

Matokeo yalitoka Julai. Alifaulu vizuri. Aliomba meno Muhimbili, na kwa sababu mama yake na wajomba walimsihi, akaomba pia udaktari wa kawaida katika chuo kimoja binafsi. Akachaguliwa kote kuwili.

Ukichaguliwa zaidi ya chuo kimoja, unatakiwa kuthibitisha kimoja kwa namba maalum inayokuja kwenye simu, tena kwa siku chache tu. Hapo ndipo jambo lilipofika kwetu, kwa sababu mama yake alikuja kuomba mkopo wa elimu wa shilingi 900,000, na kila mtu kijijini alikuwa na neno lake.

MKUTANO WA DHARURA

Tulikutana Jumapili mchana. Tulikuwa wanachama 24 waliohudhuria. Tuseme ukweli, ulikuwa mkutano mgumu kuliko wote wa miaka kumi hii, na kulikuwa na wanaotaka kutoka nje kabla haujafungwa.

Wapo waliosema: mtoto amepata udaktari kamili mkononi anautupa achukue wa meno, na sisi tutoe pesa za hisa zetu kwa ajili hiyo? Wapo walionong'ona kwamba amekimbia ugumu. Wapo waliosema ni suala la ada tu, kwa sababu ada ya kile chuo binafsi ilikuwa zaidi ya mara mbili ya ile ya Muhimbili. Wengine wakajibu: pesa si yako peke yako, na mtoto si wako, basi mwache aseme mwenyewe.

Tukamwita. Alisimama mbele yetu amevaa sketi ya shule, mikono nyuma. Mzee wetu mmoja, mama aliyetuzidi wote umri, akamuuliza: "Mjukuu wangu, hivi tukusomeshe miaka mitano ukang'oe meno?"

Binti akasema: "Shikamoo, Bibi." Akaitikiwa. Kisha akasema hivi, na Katibu aliandika, tunayo kwenye daftari:

"Bibi, kung'oa ni pale tulipochelewa. Mimi nataka kwenda kusoma ili watu wasichelewe. Madaktari wengine wapo wengi kuliko wa meno, na hata hao hawatoshi. Lakini hapa kwetu, ambapo maji yenyewe yanaharibu meno ya kila mtoto, hospitali nyingi mtu wa meno ni mmoja au hayupo. Kama nitakuwa daktari wa kawaida nitafanya kazi njema. Nikiwa wa meno nitafanya kazi ambayo haina mtu. Sijakimbia. Nimeona wagonjwa kwa wiki tatu na bado nataka."

Kukawa kimya. Kisha bibi yule akauliza tena: "Na ukirudi na udaktari wako, meno haya yangu ya kahawia utayafanyaje?"

"Bibi, yako hayaumi, tutayaacha. Ila ya vitukuu vyako tutayazuia kabla hayajatoka, kwa maji ya mvua."

Watu wakacheka, na bibi mwenyewe akacheka. Lakini kura ni kura. Tulipiga kwa siri, kwa punje za mahindi na maharage. Mahindi ya kukubali yalikuwa 14, maharage ya kukataa 10. Mkopo ukapita.

Wale kumi hatukuwafukuza wala kuwanunia. Walikuwa na hoja, na hoja zao ndizo zilizofanya masharti ya mkopo yaandikwe vizuri: mama mwenye mkopo na wadhamini wawili wa kikundi, riba ya asilimia tano, miezi kumi na miwili, na kila mwisho wa mwaka wa masomo binti aje atuonyeshe matokeo.

PESA ILIKWENDA WAPI

Wengine wanauliza: si kuna mkopo wa Serikali? Ndiyo, upo. Bodi ya Mikopo ya Wanafunzi wa Elimu ya Juu iliundwa kwa sheria ya mwaka 2004, na binti aliomba akapata. Lakini jueni mkopo ule unavyofanya kazi. Unaombwa mapema, na unadai karatasi: cheti cha kuzaliwa kilichohakikiwa na RITA, mdhamini na vitambulisho vyake, na majina yawe yaleyale kila mahali. Kama cheti cha kuzaliwa kinasema jina moja na cha shule kinasema jingine, utahangaika wiki nzima. Halafu pesa ya kujikimu inakuja mwanafunzi akisha kufika na kujisajili. Mkopo huo haununui tiketi ya basi la Arusha kwenda Dar es Salaam. Haununui godoro, ndoo, koti jeupe, bima ya afya, wala chakula cha wiki za mwanzo.

Shimo hilo, kati ya kuchaguliwa na kuingia darasani, ndilo linalomeza watoto wa maskini. Si kwamba wamefeli. Wamefaulu, jina limetoka, na hawakuripoti. Mkopo wetu wa 900,000 ulikuwa wa kuvuka shimo hilo. Mama yake aliulipa wote kwa maziwa, ndizi na nyanya, na mwezi wa kumi na mbili aliposaini marejesho ya mwisho tuliimba.

Mwaka huu wa 2025 binti amemaliza mwaka wa nne. Sasa anatibu wagonjwa chini ya uangalizi wa walimu wake. Mwaka wa kwanza ulikuwa mgumu, alirudia mtihani wa somo moja na alituambia mwenyewe bila kuficha. Likizo zote amekuja. Amekwenda shule zetu mbili za msingi kufundisha watoto kupiga mswaki, na amekaa na akina mama wajawazito kueleza habari ya maji na meno ya plastiki. Safari hii hazibi mdomo akicheka.

TULIYOJIFUNZA

Wazee walisema jino la pembe si dawa ya pengo. Anayeomba udaktari wa meno kwa sababu tu amekosa ule mwingine, huku moyo umebaki kule, atateseka miaka mitano, na mgonjwa atateseka naye. Lakini anayegeuza njia kwa kuwa ameona kazi akaipenda, huyo hajashuka ngazi. Hata kama kweli alikosa kule kwanza, kisha akaja kuona na kupenda, njia yake ni halali. Sisi wazazi kazi yetu ni kuuliza maswali, kama bibi yetu alivyouliza, na kusikiliza jibu.

Kwa hiyo tunapendekeza yafuatayo.

Kwanza, mtoto yeyote wa kikundi anayetaka mkopo wa kwenda chuo akakae walau wiki mbili mahali kazi hiyo inapofanyika, ndipo aje kuzungumza nasi.

Pili, karatasi zianze kidato cha tano. Cheti cha kuzaliwa, majina, vitambulisho vya wazazi. Katibu atakuwa na orodha.

Tatu, tusibague kozi. Si kila mtoto atafika chuo kikuu. Ziko stashahada za tabibu wa meno, za uuguzi, za maabara. Tabibu wa meno ndiye watu wengi wa vijijini wanayemkuta kwanza. Huyo naye mkopo wetu umfikie.

Nne, mkopo wa elimu utolewe kwa wakati. Dirisha la maombi likifunguliwa Julai, mkutano wetu usisubiri Septemba.

OMBI LETU

Sasa kwenye hoja ya kuvunja mfuko. Wanaotaka kugawana wana sababu. Mbolea imepanda, ada za watoto zimepanda, na mwaka jana mvua ilituumiza. Tukigawana leo, kila mmoja atapata kama shilingi 110,000. Ni pesa, hatuidharau. Itanunua mifuko michache ya mbolea, na msimu ukiisha imekwisha. Ikikaa pamoja inamvusha mtoto mmoja au wawili kila mwaka, na inarudi na faida, kama ilivyorudi ile 900,000. Mpaka leo mfuko umekopesha watoto sita. Watano wamelipa wote, mmoja anaendelea kulipa, na hakuna aliyetoroka.

Wale mliopiga maharage mwaka 2021, wawili wenu mmekuja baadaye kuomba mkopo huohuo kwa ajili ya watoto wenu, na mkapewa. Hilo hatulisemi kwa kuwasuta. Tunalisema ili mjue sanduku halina kinyongo.

Kwenu Mgeni Rasmi na wafadhili wetu, maombi ni mawili. La kwanza, mlio na nafasi kwenye hospitali, vituo vya afya na ofisi, wapokeeni watoto wetu wakaangalie kazi wakiwa likizo. Haigharimu kitu zaidi ya kiti. La pili, shule zetu mbili za msingi zina mabati mazuri na hazina matanki. Mvua ya masika inateremka bure inakwenda mtoni. Tukipata matanki mawili makubwa, watoto wa darasa la awali watakunywa maji ya mvua katika miaka ileile ambayo meno yao yanaumbika. Kikundi kimeshatenga shilingi 400,000 za kuanzia, na akina baba wameahidi mchanga na mawe ya msingi.

Binti yetu amebakiza mwaka mmoja wa masomo na mmoja wa mafunzo kazini. Hatujui atapangiwa wapi, na hatumfungi kamba. Nchi hii ni kubwa na vinywa ni vingi. Lakini nyuma yake kuna msichana wa kidato cha tano, binti wa mwenzetu aliyekaa hapo mbele, ambaye wiki iliyopita alikuja kuuliza chumba cha meno kinafunguliwa saa ngapi.

Wanachama wenzetu, kura ni Jumamosi ijayo saa nane mchana. Njooni na punje zenu.

Akina mama, hoyee!

Mwenyekiti, kwa niaba ya Kamati na wanachama wote